Jiwe Halipo Pale Unapoliona

Sanduku la kwanza nililitengeneza mimi, na nililitengeneza kwa ajili ya kufundishia. Nasema hivyo mapema kwa sababu wako watu Nyamache ambao hadi leo husema kwamba mwalimu ndiye aliyempa ndugu yake ujuzi wa vioo, kisha alipoona umemfaa akamwonea kijicho.

Nafundisha fizikia katika shule ya upili ya wasichana karibu na Nyaramba. Somo la mwanga hunipa taabu kila mwaka. Si gumu, ila wanafunzi hufika darasani wakiwa wameshaamua kwamba wanachokiona ndicho kilichopo, na kiko pale pale wanapokiona. Mwaka ule nilikuwa nimesoma habari za wataalamu wa ng'ambo wanaounda vifaa vya kuficha vitu. Unaweka kitu ndani ya kifaa, mwanga unakizunguka kama maji ya mto yanavyozunguka mwamba, na mtazamaji anaona tu kilicho nyuma yake. Lakini lililonivutia zaidi lilikuwa mwishoni mwa habari yenyewe. Wataalamu wengine walivichunguza baadhi ya vifaa hivyo wakakuta kwamba havifichi kitu. Vinakisogeza tu. Kitu kinaonekana kando kidogo ya mahali kilipo, na mtu akihama akatazama kwa pembe nyingine, anakigundua.

Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani. Hilo ndilo nililokuwa nikitaka kuwaambia wasichana wangu miaka yote, na sasa nilikuwa na kifaa cha kuwaonyesha.

Vifaa vya ng'ambo hatukuwa navyo. Nilinunua vioo vya kawaida kwa fundi mmoja mjini Kisii, vya aina ile ile inayotundikwa ukutani, naye akanikatia vipande vinne. Fundi wa mbao wa shule alituundia sanduku lenye dirisha mbele na dirisha nyuma, na juu likiwa wazi kiasi cha kupitisha mkono. Ndani tulivisimamisha vioo kwa mshazari. Vikiwa vimekaa sawa vyote vinne, jiwe lililowekwa katikati halikuonekana kabisa: ulitazama kwenye dirisha la mbele ukaona ukuta wa nyuma, kana kwamba sanduku ni tupu. Kisha ulivuta kijiti kilichogeuza kioo kimoja, na jiwe jingine lililofichwa pembeni likaonekana limekaa katikati, mbele ya macho yako. Ukipeleka mkono kulishika, unashika hewa. Mawe yalikuwa ya kutoka machimbo ya Tabaka, yale meupe yenye mishipa ya waridi, ambayo wachongaji hutupa yakipasuka.

Siku ya wazazi tuliliweka sanduku kwenye meza ya maabara. Wazee walipanga foleni kama watoto. Walitia mkono, wakashika hewa, wakacheka, wakarudi nyuma ya foleni ili watie tena.

Ndugu yangu alikuja siku hiyo kwa sababu binti yangu alikuwa akisoma pale. Yeye hakucheka. Alitia mkono, akautoa, akazunguka nyuma ya sanduku akachungulia, akarudi mbele. Aliniuliza ni nani aliyekata vioo, na vimesimama kwa pembe gani, na je, sanduku likiwa kubwa zaidi litafanya kazi vilevile. Nikamweleza yote. Mwalimu akiulizwa swali zuri hujibu. Hakuna mwalimu asiyefanya hivyo.

Ndugu yangu ni kitinda mimba wetu. Baba alikufa yeye akiwa bado mgongoni, na mama alimlea akichuma chai huku amembeba. Alikuwa na sauti. Tangu utotoni aliongoza kwaya ya vijana katika kanisa letu la Wasabato, na akina mama walikuwa wakisema mtoto huyu akiimba unasahau njaa. Alipokuwa mkubwa alifungua duka la simu mjini Kisii, duka dogo la kutosha mtu mmoja na kiti. Baadaye akakosana na wazee wa kanisa kwa jambo ambalo kila upande unalisimulia kivyake, akaondoka, na muda si mrefu tukasikia ameanzisha kanisa lake katika banda la mabati kando ya barabara ya kwenda Nyamache. Ibada zilikuwa za Jumapili. Watu walianza kumwita mtumishi.

Mimi sikuingilia. Nilimwona kama mtu mzima aliyechagua njia yake. Aliyeumia ni mama, kwa sababu ya Sabato. Alikuwa shemasi kwa muda mrefu. Yeye ndiye aliyekuwa akifua vitambaa vya meza ya Bwana na kuvipiga pasi ya makaa Ijumaa kabla jua halijatua. Kumfuata mwanawe Jumapili kulikuwa kwake kama kuvua nguo hadharani. Lakini alikwenda. Alikwenda mara moja kumtia moyo, akakaa mstari wa mbele, na baada ya hapo waumini wakawa wanamtazamia. Mama wa mtumishi hawezi kukosa.

Sisi Abagusii mama tunamwita baba. Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha kwanza huandika insha za Kiswahili ambamo baba anapika na kunyonyesha, na mwalimu wa Kiswahili huja kunisomea tukacheka. Natafsiri hapa kwa sababu maneno yote ya mama yalikuwa ya Ekegusii, na katika Kiswahili yanapungua uzito.

Mama alikuwa na kisukari. Nimewaona wagonjwa wengi wanaougua kwa uzembe. Mama aliugua kwa nidhamu. Siku ya kliniki alikuwa wa kwanza kwenye benchi. Hakuwa na friji, basi muuguzi alimfundisha kuhifadhi dawa zake ndani ya chungu kilichozamishwa katika karai la mchanga, na mchanga ulowe maji kila asubuhi. Alijidunga mwenyewe pajani, akiwa ameketi kwenye kigoda, uso hauonyeshi lolote. Ndizi mbivu, ambazo alizipenda kuliko chakula chochote, alikuwa akiwapa wajukuu na kuwatazama wakila.

Jumapili moja alinipigia simu akaniomba niende naye kanisani kwa ndugu yangu. Alisema hapendi kuulizwa kila mara binti yake yuko wapi. Nikaenda.

Banda lilikuwa limejaa hadi nje. Kila mtu alikuwa na jiwe mkononi. Mlangoni vijana wawili waliyagawa kutoka kwenye gunia, mawe ya Tabaka, na wenye kujua kuandika walikuwa wakiyaandika kwa kalamu ya wino mzito: shinikizo, kifafa, deni, tumbo, mume. Nililisoma lile la mama. Aliandikiwa sukari.

Baada ya nyimbo, na ndugu yangu alikuwa bado anaimba vizuri, pazia likafunguliwa madhabahuni. Sanduku lilikuwa juu ya meza. Lilikuwa kubwa kuliko langu, limepakwa rangi ya dhahabu na kufunikwa kitambaa cheusi kwa ndani, lakini nililitambua kabla pazia halijafunguka lote. Hata kijiti kilikuwa upande ule ule.

Watu waliitwa mmoja mmoja. Kila aliyekuja alimpa ndugu yangu jiwe lake, naye akaliweka ndani kwa mkono wake, akamwambia mwenyewe atazame dirishani. Jiwe lilionekana katikati, na maandishi yakasomeka, ingawa yamegeuka. Hata kugeuka huko kulikuwa na maelezo: ugonjwa, alisema, unaanza kurudi ulikotoka. Kisha aliomba. Kisha akamwambia mtu atie mkono achukue ugonjwa wake ikiwa bado ni wake.

Mama aliitwa wa mwisho. Nilimwona akitazama, akitia mkono wake mwembamba ndani ya sanduku, akiutembeza.

"Umeshika nini, mama?" ndugu yangu aliuliza.

"Sijashika kitu," mama alisema.

Akamwuliza kama anaiona sukari yake. Mama akasema anaiona. Ndugu yangu akawageukia watu na kuwaambia kwamba sukari imebaki kivuli, haina mwili tena. Akavuta kijiti, na jiwe likatoweka hata machoni. Watu walilia. Mama alirudi akaketi kando yangu, mikono ameikunja mapajani, na hakunitazama.

Baada ya ibada nilimfuata ndugu yangu garini. Alifungua mlango akaniambia niingie tuongee, kwa upole ule ule aliokuwa nao kwa kila mtu. Nilimwuliza anajua kweli anachofanya. Alisema mimi ninaonyesha sanduku kwa watoto wanaotaka alama, yeye analionyesha kwa watu waliochoka. Wanaingia wameinama na kutoka wamenyooka. Aliniuliza ni lini mwanafunzi wangu alitoka maabara amenyooka.

"Na mama akiacha dawa?" nilimwuliza.

"Sijamwambia mtu yeyote aache dawa, mwalimu," alisema. "Nenda utafute hata mmoja niliyemwambia hivyo."

Na kweli, nilipokuja kutafuta baadaye, sikumpata hata mmoja. Alikuwa mwangalifu. Alikuwa akisema tu kwamba jiwe halipo, na kuacha kila mtu amalizie mwenyewe nyumbani.

Kwa muda mama aliendelea na dawa zake. Nilikuwa nikimuuliza kwa simu, naye alikuwa akinijibu kwa kifupi kama mtu anayeulizwa kama ameoga. Halafu shule ikafungwa, nikaenda nyumbani kumsaidia kupogoa kahawa chache alizobaki nazo, na asubuhi nilipoingia jikoni niliuona mchanga wa kwenye karai. Ulikuwa mkavu, umepasuka. Ndani ya chungu dawa zilikuwepo, zimejaa, hazijaguswa.

Nilimwuliza. Akasema anapumzika kidogo. Nilipandwa na hasira ambayo sikumwonyesha. Niliondoka siku ile ile, nikarudi Nyaramba, nikalipakia sanduku la shule kwenye gari la kukodi, na kesho yake nikaliweka mezani sebuleni kwake, chini ya kalenda za kanisa. Niliufunga mlango. Nilimfundisha mama fizikia kama ninavyoifundisha darasani, hatua kwa hatua. Nilimwonyesha jiwe lilipo, kando, nyuma ya ubao. Nilimwonyesha kioo kinachochukua sura yake na kuipeleka mbele. Nikamwambia ahame, atazame kutoka juu, aone kila kitu. Nilimwambia jiwe halikwenda popote, na sukari vilevile.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Aliinama akatazama dirishani kwa adabu, ili nisione kwamba nimejisumbua bure.

"Najua ni kioo," alisema. "Siku ile nilipotia mkono kidole changu kiligusa ukingo wake. Mimi si mtoto, mama."

Akina mama wa kwetu huwaita binti zao hivyo, mama, wakiwa wanawapenda au wakiwa wamewachoka. Sikujua ni lipi kati ya hayo.

Nilikaa chini. Nilimwuliza kwa nini basi. Alianza kunisimulia juu ya ibada ya shukrani. Ndugu yangu alikuwa karibu kuhamia jengo jipya, na siku ya kulifungua watu wangetoa ushuhuda. Alikuwa amekuja nyumbani, akala, akamwuliza mama kama siku hiyo ataweza kusimama na kusema kwamba ameishi bila sindano. Mama alimwambia bado anadunga. Ndugu yangu hakusema neno baya. Alisema tu kwamba basi ushuhuda utasubiri, ingawa watu wamekuwa wakimwuliza habari za mama yake kuliko za mtu mwingine yeyote.

"Hakuniambia niache," mama alisema. "Usije ukamsingizia."

"Sasa kwa nini umeacha?"

"Nimekuwa shemasi. Sijawahi kusimama mbele ya watu wa Mungu nikasema uongo, na sitaanzia uzeeni." Alinyoosha leso yake magotini. "Akitaka niseme nimeishi bila sindano, lazima niwe nimeishi bila sindano."

Nimeyasikia maneno mengi ya kipumbavu maishani na huwa najua la kuyajibu. Haya hayakuwa ya kipumbavu. Mama hakudanganywa. Alikuwa ameiona hila, akaielewa, kisha akaamua kuilipia kwa mwili wake ili mwanawe asiaibike na yeye mwenyewe asiseme uongo. Nilikuwa nimekuja na vioo kupigana na ujinga, na ujinga haukuwepo ndani ya nyumba ile.

Nilimsihi. Nililia. Hatimaye aliniahidi kwamba baada ya siku ya shukrani atarudi kliniki. Nilimpigia ndugu yangu simu nikamwambia mama yake ameacha dawa kwa ajili ya ushuhuda wake. Akasema hilo ni jambo kati ya mama na Mungu, naye hana ruhusa ya kusimama katikati.

Siku ilifika. Sikwenda, lakini niliuona ushuhuda kama kila mtu alivyouona, kwa sababu video yake iliwafikia watu kwa simu. Mama amevaa gauni jeupe na kilemba. Anasema ukweli mtupu, kwa sauti ndogo: kwamba tangu mavuno ya mahindi hajajidunga sindano, na kwamba anamshukuru Mungu kwa kumwamsha kila asubuhi. Hakusema amepona. Ukiisikiliza vizuri utaona hakusema. Lakini nyuma yake watu walikuwa wakipiga kelele za shangwe, na hakuna aliyesikiliza vizuri.

Video ile ndiyo iliyomfungia njia ya kurudi. Ahadi yake kwangu aliifanya akidhani siku ya shukrani itapita kama siku nyingine. Sasa watu wasiomjua walikuwa wakisimama langoni kwake kumwuliza mambo. Wanawake walimletea watoto awashike kichwa. Muuguzi wa kliniki alimkuta sokoni akamwuliza mbona haonekani, na mama akatazama pembeni kuona ni nani anayesikiliza. Niliposema nitamtafutia hospitali upande wa Nyamira, mbali, asikojulikana, alikubali, akaenda mara moja, na kwenye benchi la kusubiri mwanamke mmoja akamwinukia kwa heshima na kumwuliza kama yeye si mama wa mtumishi. Mama alisema amekuja kumtazama mgonjwa. Huo ulikuwa uongo, wa kwanza, naye hakujisamehe. Hakwenda tena.

Kidonda kilianza kwa kisiki cha chai. Wakati wa kukata michai hubaki visiki vyenye ncha kali, na yeye alikuwa akipita shambani na ndara. Alichomwa karibu na kidole gumba. Hakusikia uchungu, na kutousikia huko alikuwa amefundishwa kliniki kuwa ndiko kwa kuogopwa, lakini alikifunga kwa kitambaa akavaa soksi. Alivaa soksi mfululizo. Nilipofika nyumbani nilikutana na harufu kabla sijakutana naye. Nikavua soksi. Sitaeleza nilichokiona.

Hospitalini daktari, mwanamke kijana wa rika la wanafunzi wangu wa kwanza, aliniita kando akaniuliza kwa ukali ni mtu wa aina gani anayemwacha mama yake afikie hali hii. Nilimwambia anakosa dawa. Akasema dawa zipo. Nikasema naam, zipo.

Mguu ulikatwa chini ya goti.

Ndugu yangu hakuja hospitalini. Alituma vijana wenye maua na maji ya chupa. Jumapili iliyofuata, wakati mama bado hajaweza kuketi, alihubiri juu ya mke wa Lutu. Jirani yetu alikuwepo, akaja kunisimulia akiwa na aibu kana kwamba yeye ndiye aliyesema. Alisema mtumishi alilia madhabahuni. Alisema hata katika nyumba yake mwenyewe yupo aliyepokea, kisha akatazama nyuma. Kwamba shaka inaweza kuingia kwa njia ya watu wenye elimu, na mwili ukarudishiwa ulichokuwa umeondolewa. Watu walimhurumia sana. Walimchangia machozi.

Mimi nilifanya jambo moja tu la kujibu. Siku ya soko niliomba meza kwenye kibaraza cha duka moja pale Nyamache, nikaliweka sanduku la shule, na kuwaita watu. Sikumtaja ndugu yangu. Nilionyesha. Jiwe liko hapa, linaonekana pale. Geuza kioo, limetoweka. Chungulia kutoka juu, lipo. Watu walijaa hadi barabarani, wakacheka kama wale wazee wa siku ya wazazi, na wengine niliowajua kuwa waumini wake walitazama, wakatikisa kichwa, wakaenda zao. Mwanamume mmoja mwenye Biblia kubwa alinisubiri hadi watu wapungue akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama ninaweza kumtengenezea lake, maana na yeye anaanza huduma upande wa Tabaka.

Aliyenikata maini hakuwa yeye. Alikuwa mwanamke aliyebeba mtoto mkubwa mgongoni, mtoto ambaye miguu yake ilikuwa ikining'inia hadi magotini mwa mama yake. Jiwe lake lilikuwa la kifafa, niliwahi kuliona. Alitia mkono ndani ya sanduku langu, akatazama kutoka juu, akalitoa jiwe akalipima uzito kiganjani. Alielewa haraka kuliko wanafunzi wangu wengi.

"Haya, nimeona," alisema. "Sasa mwalimu, umenipa nini badala yake?"

Nilimwambia kuna dawa za kifafa hospitalini. Alisema anazijua, na mara nyingi akifika huambiwa zimekwisha. Aliliweka jiwe mezani polepole, akamkaza mtoto mgongoni, akaenda. Nilifunga sanduku kabla ya adhuhuri.

Mama sasa anaishi nami Nyaramba. Anadunga dawa zake asubuhi na jioni, na friji ninayo. Amerudi Sabato, wasichana wa shule humsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi kanisani, na mchungaji alimpokea bila kuuliza. Hajawahi kulaumu mtu. Nimemchokoza mara nyingi, niseme kweli, nikitaka aseme hata neno moja, na yeye hugeuza maongezi kuwa ya mvua au ya bei ya majani chai.

Ndugu yangu alikuja kumwona mara moja. Mama alijua atakuja, akaniagiza nichinje kuku na nisonge ugali wa wimbi. Alijifunika blanketi tangu kiunoni hadi chini, ingawa kulikuwa na joto, na blanketi lile akalipanga kwa namna ambayo mtu akiingia angedhani kuna miguu miwili. Ndugu yangu alikaa karibu naye, akamshika mkono, akaomba maombi marefu yenye maneno mazuri. Hakutazama blanketi. Mama alimtazama yeye tu. Akamwuliza kama anakula vizuri, mbona amekonda. Alikuwa hajakonda hata kidogo. Mimi niliandaa chakula, nikamnawisha mikono kama mgeni, nikatoka nikakaa nje hadi niliposikia gari likiwashwa.

Kanisa lake limekua. Sanduku, nasikia, halitumiki tena. Ana mambo mengine. Watoto wangu wanamjua kwa redio.

Juzi, nilipokuwa nikimpaka mama mafuta, alinishika kifundo cha mkono akaniambia kuna jambo anataka nimwahidi. Nilidhani ni habari za shamba.

"Nikifa," alisema, "ndugu yako ndiye atakayeomba kaburini. Asiombe mtu mwingine. Watu wakiona mwingine ameomba, watasema nini juu yake?"

Nilimaliza kumpaka mafuta, nikaifunika chupa, nikairudisha rafuni. Aliniuliza tena Ijumaa, na Sabato baada ya kanisa akaniuliza tena. Sijamjibu.